Majina Saba ya Isipingo

Annick Nimbona alihamia Isipingo, kusini mwa jiji la Durban, mwezi wa Juni akiwa amenuna, na alinuna wiki mbili nzima bila kupumzika. Kuhama kwenyewe hakukuwa na ubaya. Mama yake alikuwa amepata kibanda cha kuuzia dagaa na unga wa muhogo karibu na stendi ya teksi, baada ya miaka mitano ya kupanga bidhaa zake chini kwenye turubai, na mtu aliyepata kibanda hashauriwi mara mbili. Chumba kipya kilikuwa kikubwa kuliko kile cha Umbilo, mtaa wao wa zamani, na maji yalikuwa yanatoka. Kilichomliza Annick ni fimbo.

Mchezo wake unaitwa kamogi. Ni mchezo wa wanawake wa Ireland, dada wa mchezo wa kale wa wanaume wa huko. Wachezaji wanakimbia na fimbo iliyopanuka mwishoni, wanaupiga mpira mdogo mgumu wa ngozi, na golini kuna nguzo mbili ndefu zenye mti uliokingamishwa katikati. Mpira ukipita juu ya mti ni pointi moja, ukiingia chini yake ni tatu. Akina mama wa Kirundi wa Umbilo walipoiona fimbo ile mara ya kwanza waliangua kicheko, maana ilikuwa mwiko mtupu, tena wa kusongea ugali wa harusi.

Aliyeuleta mchezo huo Umbilo ni mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Ireland, aliyefundisha watoto miaka tisa, akastaafu, akarudi kwao. Aliacha fimbo kumi na nne, gunia la mipira na daftari la sheria. Vyote alimkabidhi Marwa, mlinzi wa ghorofa la jirani, Mtanzania wa Tarime, ambaye kwa miaka hiyo tisa alikuwa akisimama pembeni ya uwanja akimwonyesha kila mtu kosa lake bila kuombwa. Sasa aliombwa, na akazidi.

Annick alijiunga akiwa na miaka kumi na minne kwa sababu isiyo nzuri. Alikuwa na hasira. Shuleni walikuwa wakimwita kwerekwere, tusi la kuwaitia wageni, na huu ulikuwa mchezo ambao mtu anaruhusiwa kushika fimbo na kukimbia nayo bila kuitwa ofisini. Hasira ilimwisha baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuchoka. Akabaki kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza Marwa alimwuliza, "Unakaa wapi?" Akajibu Umbilo, na Marwa akaandika. Annick akasubiri swali la pili, lile ambalo Durban nzima humwuliza: sawa, lakini unatoka wapi hasa? Halikuja. Alicheza miaka sita, na swali lile halikuja.

Halikuja kwa sababu daftari la mwalimu halikuwa na nafasi yake. Sheria ya kwanza ilisema kwamba unachezea unapoishi. Hununuliwi na timu kubwa, na mshahara haupo. Kabla ya kila mechi majina yanasomwa kwa sauti, na kila anayeitwa anajibu kwa kutaja mahali anapolala. Kwa miaka sita Annick aliitwa jina lake mbele ya watu, naye akaitikia "Umbilo!" kwa sauti ya mtu mwenye shamba.

Sasa sheria iliyomlea ikamgeukia.

"Basi wewe sasa ni wa Isipingo," Marwa alisema alipopewa habari.

"Isipingo haina timu, kocha."

"Hilo ni tatizo la Isipingo."

"Kocha, miaka sita!"

"Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mwingine. Mcheza kwao hutunzwa. Kwenu ni wapi leo?"

Annick alisema Isipingo kama mtu anayetema kidonge.

"Haya. Tarehe ishirini na nne Septemba, Sikukuu ya Urithi, timu tatu zinakutana hapa. Ukija na wachezaji saba wanaolala Isipingo, mtakuwa timu ya nne. Ukija na sita, utakaa pale kwenye nyasi utazame wenzako, mpaka mwakani."

Lyse Irakoze, kapteni wa Umbilo na rafiki wa Annick tangu darasa la tatu, alikuwa na njia fupi zaidi. Walipokuwa wakirudi alimshika bega.

"Andika adresi ya kwetu tu. Nani atajua?"

Annick alilifikiria jambo hilo mpaka walipovuka barabara. Utoto wake wote ulikuwa umeandikwa kwenye adresi za watu. Shule aliandikishwa kwa adresi ya mchungaji, kliniki kwa adresi ya jirani, na barua za mama zilikuwa zikienda kwa mtu ambaye baadaye alifariki, wakakosa mahali pa kuziulizia. Karatasi ya Marwa ilikuwa mahali pekee ambapo jina lake na mlango wake vilikaa pamoja, vyote vya kweli.

"Hapana," alisema. "Natafuta sita wengine."

Alifunga kibwebwe, na hapo hapo akaharibu. Kanisa lao jipya lilikuwa kwenye ukumbi juu ya duka la matairi, Warundi na Wakongo wengi na Watanzania wachache, na wakati wa matangazo mchungaji alimpa dakika mbili. Annick anapiga mpira vizuri kuliko anavyoongea. Alisimama, akasema kwa haraka.

"Bwana asifiwe. Kuna mchezo wa Ireland unaanza hapa Isipingo, kwa wasichana na akina mama, kuanzia miaka kumi na sita. Anayetaka aandike jina, umri na namba ya simu. Jumamosi saa tatu, uwanja ulio nyuma ya shule."

Karatasi ikaanza kupita safu kwa safu. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu nene neno moja: IRELAND.

Mtu mwingine angeona tangazo la michezo. Lakini mpe karatasi yenye jina la nchi ya Ulaya na mistari ya majina mtu aliyekaa miaka kumi akingoja jina lake litoke kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa ng'ambo, uone atasoma nini. Karatasi ilipofika safu ya nne, neno mchezo lilikuwa limekwisha kudondoka njiani. Jioni picha ya karatasi hiyo ilikuwa inazunguka kwenye simu. Annick, aliyekulia kwenye foleni za orodha hizo hizo akiwa mgongoni mwa mama yake, ndiye aliyepaswa kujua kuliko wote. Lakini kichwani mwake Ireland ilikuwa fimbo na mpira tu, basi. Alihesabu majina thelathini na nane, akashuka ngazi za kanisa akirukaruka.

Jumamosi alifika na Lyse, wamebeba fimbo. Mbili zilikuwa za Annick, na sita zilitengenezwa na Aloys, seremala wa Isipingo, kwa mbao za makreti. Usiku uliotangulia walikuwa wamefunga mabomba ya plastiki kwenye magoli ya soka ili yarefuke. Annick aliona umati uwanjani, akamfinya Lyse mkono.

"Ona watu! Lyse, ona watu!"

Lyse aliwaona watu, lakini aliziona pia bahasha. Waume walikuwepo, na vikongwe wawili, na watoto waliopakwa mafuta. Wanawake walivaa nguo za ibada, na visigino vyao vilikuwa vinazama kwenye nyasi. Mbele ya wote alisimama mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, Nahimana, mshonaji wa sare za shule, aliyefika tangu saa kumi na mbili asubuhi ili awe wa kwanza. Alimpa Annick faili la plastiki kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na nakala ya kibali chake cha ukimbizi, picha nne zenye ukuta mweupe, na kadi ya chanjo ya mtoto.

"Interview iko saa ngapi?" aliuliza. "Nimeleta copie ya kila kitu. Ya mtoto pia iko ndani."

Annick alitazama faili, akatazama watu, akaelewa.

Lyse alimnong'oneza upesi. "Usiseme kitu. Waambie mchezo ni sehemu ya program. Wacheze kwanza. Wakija kujua, watakuwa wameshaupenda."

Ilikuwa hila nzuri, tusidanganyane, na ingefaulu. Annick alihitaji watu sita tu, na mbele yake walisimama thelathini na wanane wenye hamu ya kufanya lolote watakaloambiwa. Wangekimbia na visigino. Wangejifunza sheria zote kwa wiki moja. Lakini katika picha zile nne Nahimana alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na kutazama mbele bila kupepesa, kama wanavyoagiza watu wa picha, na Annick aliijua sura ile. Mama yake alikuwa na picha za namna hiyo kwenye kopo la biskuti, za miaka mitatu tofauti. Annick akapanda juu ya kreti.

"Naomba mnisamehe," alisema. "Hakuna interview. Hakuna anayepelekwa Ireland. Ni mchezo. Umetoka Ireland, lakini tunaucheza hapa hapa Isipingo. Niliandika vibaya. Kosa ni langu."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayecheka naye. Mwanamume wa nyuma alisema, "Eish, huyu mutoto!" akamvuta mkewe mkono. Nahimana hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Weye si wa bureau ya wakimbizi," alisema polepole. "Weye iko mutoto wetu. Unajua liste inafanyaka mutu nini. Usiku sikulala. Nilisha kuambia mutoto tunaenda."

Akageuka akaondoka, kichwa kikiwa juu. Faili lake lilibaki mikononi mwa Annick, na bahasha nyingine kumi na moja ambazo Lyse alikuwa ameshapokea zikabaki kwake. Ilipofika saa nne uwanja ulikuwa na wasichana wanne. Mmoja alisema kaka zake wana timu ya soka na yeye hajawahi kupewa chochote. Mmoja alisema anataka kupiga kitu. Wawili walisema wameshaamka mapema, basi. Annick akawapa fimbo, na kabla ya saa tano fimbo tatu za Aloys zilikuwa zimevunjika.

Habari zilimfikia mama kibandani kabla Annick hajarudi. Wiki hiyo wateja walipita bila kugeuza shingo, na dagaa wakakaa. Annick alitegemea kukatazwa uwanja. Mama alimalizia kwanza kufunga mfuko wa unga.

"Utazunguka nyumba kwa nyumba," alisema. "Kila bahasha utairudisha kwa mkono, na utaomba msamaha mlangoni, hata kwa mwenye kukufungia. Halafu utacheza. Tangu Umbilo unaniambia mchezo huu umekufundisha kuwa mtu. Sasa watu wakuone."

Alizunguka siku nne, akitoka kwenye saluni anakosuka nywele. Wengine walimpa maji ya kunywa, wengine walimpa maneno. Kwa Nahimana aliogopa kuliko kote, kwa hiyo akaenda mwisho. Nahimana hakufungua geti la chuma. Alipokea faili kupitia nondo, na nyuma yake cherehani ilikuwa bado na gauni la shule chini ya sindano.

"Samahani, yaya," Annick alisema, akimwita kama wanavyomwita dada mkubwa pale kanisani. "Sina maneno mengine."

Nahimana alikagua kama picha zote nne zimo. Annick alikuwa ameshageuka aende aliposikia swali.

"Na hiyo liste yenu, kama haipeleki mutu popote, munaandika majina ya nini?"

"Ya kuitwa, yaya. Siku ya mechi kocha anasoma jina lako mbele ya watu, unajibu unakaa wapi. Halafu unaambiwa pa kusimama."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Nahimana akarudi kwenye cherehani.

Annick angeweza kukata tamaa mwezi wa Agosti, na ningekuwa wa mwisho kumlaumu. Wasichana wanne wakawa watatu, wakarudi kuwa wanne. Upepo ulipiga, mabomba ya goli yakaanguka, wakayafunga upya. Yeye mwenyewe alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga mpira ukutani mara mia mbili kabla ya kupanda teksi ya kazini. Aloys naye alikuwa ameumia heshima, maana vitanda vyake havijawahi kuvunjika. Alikataa kuambiwa kitu mpaka Marwa alipokuja siku moja kumwonyesha kwamba nyuzi za mti lazima zipinde pamoja na fimbo, na mti hupinda hivyo pale shina linapoingia mzizini. Wiki iliyofuata Aloys alionekana akibishana na wakata miti wa barabarani wamwachie visiki. Fimbo mpya hazikuvunjika.

Wa sita alijileta. Tina, Mzulu anayeuza magwinya, maandazi ya huko, pale stendi, alikuja kuuliza kwa nini wanashika fimbo kama ufagio. Babu yake alikuwa bingwa wa kupigana kwa fimbo, alisema, na yeye hawezi kuvumilia kuona aibu hii kila Jumamosi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia magwinya, lakini akipiga mpira hauonekani unakokwenda.

Wa saba hakupatikana. Annick aliuliza saluni, aliuliza kwaya, aliuliza mpaka dada wa mwenye nyumba, hata kanisa zima likajua mechi ni lini na kwamba anapungukiwa mmoja. Mara mbili alimwona Nahimana nyuma ya uzio na mfuko wa sare, akipita kupeleka mzigo. Mara ya pili mpira uliruka uzio. Nahimana aliuokota, akaupima mkononi, akaurusha ndani bila neno. Annick hakumwita. Alijiambia kwamba huyu labda aombwe na malaika, mimi siwezi kumwomba.

Tarehe ishirini na nne walipanda teksi mbili kwenda Umbilo, wachezaji sita, mama na kapu la sambusa, na Aloys aliyekuja kulinda fimbo zake. Uwanja ulikuwa umejaa. Marwa alisimama katikati na karatasi za timu, amevaa suti kwa sababu ya sikukuu. Annick alimpa ya Isipingo. Majina sita yalikuwa kwenye mistari yake, na mstari wa saba ulikuwa mweupe.

"Hawa ni sita," Marwa alisema.

"Naona, kocha."

"Sheria unaijua."

"Naijua. Soma zile nyingine kwanza. Yetu isome ya mwisho."

Marwa alimtazama, akaiweka karatasi ya Isipingo chini ya zote. Akasoma Berea, majina saba. Akaanza timu ya pili. Annick alisimama kama mti, anatazama barabara, kama kuna wa Isipingo atakayetokea. Alijua kwamba akikaa kwenye nyasi leo, wale watano hawatarudi Jumamosi, na mwakani atakuwa peke yake na ukuta. Marwa alipofika Umbilo, Lyse aliitikia kwa sauti ndogo, hajui afurahi vipi.

Hapo geti la uwanja likalia. Nahimana aliingia akimvuta mtoto wake mkono, amevaa sketi ndefu na raba nyeupe za shule, mpya kabisa. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Annick, akihema.

"Ile karatasi iko na nafasi?"

"Iko, yaya."

"Sijui kucheza."

"Najua, yaya."

"Miaka kumi na moja nakaa, nangoja waite jina yangu. Nimechoka kukaa. Leo waite."

Annick aliomba kalamu na karatasi yao. Aliandika vizuri, herufi moja moja. Marwa aliichukua tena karatasi. Akasoma. "Annick Nimbona!" Annick akajibu, "Isipingo!" Tina akaitikia kwa sauti ya kuuzia magwinya. Wasichana wanne wakafuata. Kisha Marwa akakohoa kidogo.

"Nahimana Concessa!"

Nahimana alikuwa amefungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Machozi yalikuwa yanamshuka, hayafuti. Mtoto akamvuta sketi. Marwa alisubiri, halafu akaita tena, kwa upole ambao Annick hakuwahi kuusikia kwake.

"Nahimana Concessa!"

"Isipingo!" Nahimana alipiga kelele, watu wa upande wa pili wa uwanja wakageuka. "Isipingo! Niko hapa!"

Walifungwa, na walifungwa vibaya. Umbilo walipata pointi thelathini na moja, na Isipingo mbili, moja ya Annick na moja ya Tina. Nahimana aliwekwa golini kwa kuwa hapo hapahitaji kukimbia, akafungwa kila namna ambayo mtu anaweza kufungwa. Mpira mmoja tu aliuzuia, kwa goti, nao ulikuwa wa Lyse. Kila walipomwuliza kama anataka kupumzika alitikisa kichwa na kurudi katikati ya nguzo.

Mechi ilipokwisha alikaa kwenye nyasi, goti limevimba, anakula sambusa ya mama Annick. Annick alikuja akakaa karibu naye. Nahimana alipangusa mafuta mdomoni, akamtazama.

"Jumamosi iko saa ngapi?"

"Saa tatu, yaya."

"Nitafika saa mbili," Nahimana alisema, akaanza kufungua kamba za raba.